Mgeni, Siri na Aibu: Uhakiki wa Maonyo Tunayowapa Watoto Kuhusu Mtandao

Kwa kawaida ukurasa wa uhakiki huwa ni wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba ruhusa yenu tuhakiki matini fupi sana, ambazo hakuna aliyewahi kuzitungia mtihani, ingawa huenda zinasikiwa na watoto wengi kuliko wanaosoma riwaya zilizomo katika maktaba yetu. Nazungumzia yale maonyo ya Kiswahili yanayowafundisha watoto na vijana namna ya kujilinda wanapotumia intaneti. Yanabandikwa ukutani, yanasomwa redioni, na sisi walimu tunayarudia mbele ya wanafunzi Jumatatu asubuhi.

Hoja yangu ni moja. Maonyo haya humwambia mtoto asifanye nini, lakini hayampi maneno ya kusema pale jambo linapokuwa limekwisha kutokea. Tena baadhi ya maneno tuliyoyachagua humfunga mdomo. Kwa kuwa kasoro iko katika lugha, ni wajibu wetu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kuitazama, tusiwaachie wataalamu wa kompyuta na polisi peke yao.

Kwa nini tulizungumze jambo hili

Hapa Uganda shule zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Katika muda huo simu ya mzazi iligeuka kuwa darasa kwa wale waliokuwa nayo, na mtoto aliyeishika hakuishia kwenye masomo. Mwezi Julai wa mwaka huohuo 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mambo mawili yakakutana: mtoto ameingia mtandaoni, na Kiswahili kimeagizwa kiingie darasani. Ni haki kuuliza kama hicho cha pili kina msaada wowote kwa huyo wa kwanza.

Mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalifanya utafiti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, na ripoti zake zikaanza kutoka mwaka 2021. Watafiti waliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Mambo mawili yaliyojitokeza yanatuhusu sana. La kwanza ni kwamba aghalabu anayemdhuru mtoto kwa kutumia mtandao ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimjua tayari. La pili ni kwamba watoto waliodhuriwa ni wachache mno waliokwenda polisi au waliopiga namba ya msaada. Waliosema walimwambia rafiki au ndugu, na wengi hawakumwambia mtu yeyote.

Tukiyashika mambo haya mawili mkononi, hebu sasa tuyasome maonyo yetu.

Mgeni ni nani?

Onyo mashuhuri kuliko yote ni hili: usizungumze na mtu usiyemjua. Wengine hulifupisha na kusema: usizungumze na wageni mtandaoni. Ni onyo fupi, linakaririka, na kwa mtoto wa miaka sita huenda linatosha. Lakini lilitungwa kwanza katika lugha ambayo mtu usiyemjua ana jina lake, na yule anayebisha hodi ukampokea ana jina jingine. Kiswahili kina neno moja. Mgeni ndiye usiyemjua, na mgeni huyohuyo ndiye tunayemkaribisha, tunayempa kiti na maji ya kunywa kabla hatujamuuliza habari za safari. Mtoto wa Kiganda naye amelelewa kupiga magoti mbele ya omugenyi. Methali tunayomfundisha darasani husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi tunamwambia mgeni ni baraka, na mchana tunamwambia mgeni ni hatari. Asitulaumu tukimwona amechanganyikiwa.

Tatizo la pili limo katika kitenzi kujua. Mtu akimwandikia msichana kila jioni kwa majuma matatu, akamuuliza habari za mtihani, akamsifu kwa picha yake, akamtumia salio la simu, je, bado ni mtu asiyemjua? Ukimuuliza mwenyewe atajibu bila kusita: namjua. Wala hasemi uongo. Amemzoea, na katika Kiswahili cha kila siku kuzoeana na kujuana hukaa jirani. Onyo limekwisha nguvu zake siku ile mtu huyo alipopewa jina katika simu. Hali ni mbaya zaidi pale anayeandika ni jirani, binamu, mpenzi wa zamani au mwalimu. Hao onyo halikuwahi kuwagusa tangu mwanzo, nao utafiti umeshatuonyesha kwamba ndio tunaopaswa kuwaangalia.

Jambo la kushangaza ni kwamba hazina yetu ya methali ina dawa bora kuliko onyo tuliloazima. Kikulacho ki nguoni mwako iko karibu zaidi na ukweli wa utafiti kuliko tahadhari yoyote juu ya wageni. Na ile isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haimkatazi mwenyeji kupokea mtu. Inamfundisha kumpima. Kwa mtoto wa leo jembe lenyewe linaweza kuwa sentensi moja: "Nitamwambia mama kwamba tunazungumza." Mwenye nia njema hana sababu ya kuiogopa. Atakayekasirika, atakayembembeleza asiseme, au atakayetoweka papo hapo, amekwisha kujieleza. Kipimo hiki humfaa mtoto kwa mgeni na kwa mwenyeji, kwa mtu wa mbali na kwa mtu wa nyumbani. Onyo la mgeni haliwezi kufanya hivyo.

Siri tatu

Neno la pili ninalotaka tulipime ni siri. Katika maonyo yetu limetumika mara nyingi kuliko jina lolote lingine, na kwa maana tatu zinazogongana.

Kwanza kuna neno la siri, ambalo wengine huliita nywila na wanafunzi wetu huliita pasiwedi. Hapa siri ni jambo jema. Mtoto anasifiwa kwa kuitunza. Pili kuna sehemu za siri, tasfida tunayoitumia kutaja viungo vya mwili. Hapa siri ni jambo la heshima. Mtoto anafundishwa asizionyeshe wala asizitaje. Tatu kuna maneno ambayo hayamo katika onyo lolote lakini yamo katika simu ya kila mtoto aliyewahi kurubuniwa: hii ni siri yetu. Hapa siri ni mtego.

Mtoto hana kamusi ya kumtenganishia maana hizi. Anachosikia ni kwamba siri hutunzwa. Anayemrubuni analijua hilo, na hulitumia neno lilelile tulilomfundisha sisi kwa nia njema. Tukimwambia tena, kama maonyo mengi yanavyosema, usimwambie mtu yeyote siri zako, tumemsaidia adui kufunga mlango kwa ndani.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Neno faragha lipo, nalo halina kasoro hiyo. Faragha ni mahali pangu, mambo yangu, ninayoyafungua nikitaka na kuyafunga nikitaka. Mwenye uamuzi ni mimi. Siri, kama inavyotumiwa na mrubuni, ni jambo ambalo mwingine ameniamuru nilifiche. Tofauti hii mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini. Mwili wako una faragha. Simu yako ina faragha. Lakini mtu mzima akikwambia ufiche jambo mnalozungumza, hiyo si faragha yako tena, ni kinga yake yeye. Laiti maonyo yetu yangesema hivyo tu, yangekuwa yamefanya kazi kubwa.

Picha chafu, picha zilizovuja

Sasa tuziangalie picha. Magazeti, redio na hata baadhi ya mabango ya maonyo hutumia maneno picha chafu. Msomaji mzima anaelewa kusudi, lakini tujiulize uchafu umekaa wapi. Katika picha ya mtoto aliyelazimishwa kuvua nguo mbele ya kamera, kilicho kichafu ni kitendo cha aliyelazimisha. Nomino na kivumishi vyetu vimeuhamisha uchafu kutoka kwa mtenda hadi kwa picha, na katika picha hamna mwingine isipokuwa mtoto. Mtoto anayesikia picha yake ikiitwa chafu ameambiwa jina lake jipya.

Sheria nazo zina shida ya namna hiyo. Sheria za makosa ya kompyuta na mtandao za Uganda ya mwaka 2011, Tanzania ya mwaka 2015 na Kenya ya mwaka 2018 zote zilitumia istilahi ambayo kwa Kiswahili huandikwa ponografia ya watoto. Mwaka 2016 kundi la mashirika ya kimataifa lilikubaliana huko Luxembourg juu ya mwongozo wa istilahi, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kuachana na istilahi hiyo, kwa sababu inafananisha mateso ya mtoto na mchezo wa watu wazima waliokubaliana. Pendekezo ni kuita picha hizo kwa kile zilichokirekodi, yaani unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtoto. Kwa Kiswahili twaweza kusema picha za unyanyasaji wa mtoto. Ni ndefu kidogo, lakini hapo anayeshtakiwa ni mnyanyasaji.

Kisha kuna vitenzi. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba kauli za vitenzi ni somo kavu lisilo na faida nje ya mtihani. Naomba walipime dai lao kwa kichwa cha habari tulichokizoea sote: picha za utupu za mwanafunzi zavuja. Kuvuja ni kitenzi cha paa bovu na mtungi wenye ufa. Maji huvuja yenyewe, na ukitafuta wa kulaumiwa utailaumu chombo kilichoyabeba. Ndivyo msomaji anavyofanya: hulaumu chombo, yaani msichana. Badilisha kitenzi uweke kauli ya kutendesha, amevujisha picha, na mara moja swali linazuka: nani amevujisha? Vivyo hivyo kwa kusambaa na kusambaza. Picha zilisambaa kama moto wa nyika, kana kwamba hakuna mkono uliogusa kioo cha simu. Picha zilisambazwa, sasa tunahisi kuna mtu. Mvulana fulani alizisambaza, sasa tuna mtenda, na tuna mahali pa kuanzia.

Jambo hilohilo lipo katika kinywa cha mtoto mwenyewe. Mtoto aliyetishwa mpaka akatuma picha hueleza kisa kwa sentensi moja: nilituma picha. Kisarufi yeye ndiye mtenda, na msikilizaji humkaripia papo hapo. Lakini Kiswahili kimempa kiambishi kidogo cha kumtetea, -ni-, ambacho hukaa ndani ya kitenzi na kuonyesha nani alitendwa. Aliniomba. Alinibembeleza. Alinitishia. Alinilazimisha nitume. Tukimfundisha mtoto kuanzia kitenzi cha kwanza badala ya kitenzi cha mwisho, kisa kinasimama juu ya miguu yake. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kufundishia viambishi vya mtendwa.

Naongeza neno moja kuhusu jina la mchezo wenyewe, ule wa kumsogelea mtoto polepole hadi akubali asichotaka. Wengine hutumia kutongoza. Siliafiki, maana kutongoza ni kwa watu wawili walio sawa, na humpa mtoto sehemu asiyostahili. Kulaghai kunasisitiza uongo, ilhali wako wanaosema ukweli mtupu juu ya majina yao na kazi zao na bado wanadhuru. Kurubuni kuko karibu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna utamu wa maneno na zawadi. Hata hivyo mtoto hahitaji jina moja tu. Anahitaji kuzijua hatua. Kwanza humsifu, kisha humpa zawadi, kisha humtenga na wenzake, kisha humwomba picha, kisha humtisha. Mtoto anayezijua hatua hizi kwa vitenzi ataitambua ya pili au ya tatu kabla ya kufika ya tano.

Asiyesikia la mkuu

Maonyo mengi humalizikia kwa methali, na methali inayopendwa kuliko zote ni asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri kabla ya safari. Baada ya ajali ni ukatili. Mtoto aliyekwisha kuvunjika guu anaisikia hivi: ulionywa, hukusikia, umeyataka mwenyewe. Mtoto huyo hatakuja kuomba fimbo ya kutembelea. Atalificha guu. Na hapo ndipo mrubuni anapomtaka awe, kwa sababu kitisho chake chote kinasimama juu ya sentensi moja: nitawaambia wazazi wako.

Niruhusiwe kueleza kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Swali lilitaka mazungumzo kati ya msichana na shangazi yake. Nililichagua kwa makusudi, kwa kuwa katika jamii ya Waganda shangazi, yaani ssenga, ndiye aliyepewa kazi ya kumfunda msichana mambo ambayo mama yake huona haya kuyataja. Mwanafunzi mmoja aliandika vizuri sana hadi katikati ya ukurasa. Kisha msichana wa katika insha akamwambia shangazi yake, "Kuna mtu amenitumia", na baada ya hapo zikafuata nukta sita. Shangazi akauliza, "Amekutumia nini?" Msichana akajibu, "Na anasema nisipo", na nukta tena. Mstari uliofuata shangazi alikuwa akiagana naye.

Nilipiga mstari mwekundu chini ya nukta zote. Pembeni nikaandika: kamilisha sentensi. Nikamkata alama mbili.

Nilipomrudishia daftari alilifungua, akasoma, akalifunga. Muhula uliofuata hakuwepo. Wenzake walisema amehamishiwa shule nyingine. Huenda ilikuwa hadithi ya kubuni tu, na wino wangu mwekundu haukumdhuru mtu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni maneno gani nilikuwa nimemfundisha, katika muhula mzima, ambayo angeweza kuyaweka mahali pa zile nukta. Nilipitia maandalio yangu ya masomo. Nilikuwa nimefundisha msamiati wa hospitali, wa mahakama, wa uwanja wa ndege. Wa hilo sikuwa nimefundisha hata neno moja. Nilimkata alama kwa upungufu uliokuwa wangu.

Kiswahili cha amri

Yapo mambo yanayolifanya tatizo hili liwe zito zaidi hapa Uganda kuliko kwa jirani zetu wa pwani. Kwa muda mrefu Kiswahili hapa kilijulikana kama lugha ya askari. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikuwa wanakisikia zaidi kutoka kwa mtu mwenye bunduki kuliko kutoka kwa mtu mwenye kitabu. Sisi tunaokifundisha tumekuwa tukipambana na kumbukumbu hiyo tangu hapo. Sasa angalia maonyo yetu: usiongee, usitume, usifungue, usionyeshe, usithubutu. Kila sentensi ni amri, na kila amri ni ya kukanusha. Mtoto wa Mbarara au wa Gulu ambaye hasikii Kiswahili nyumbani anakutana nacho tena kikiwa kimevaa magwanda.

Wala si kwamba mapokeo ya Kiswahili hayajui kuusia kwa namna nyingine. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 hivi na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake, haumwanzii mtoto kwa katazo. Mama humwita binti yake asogee karibu kwanza, na wino na karatasi, ndipo wasia uanze. Yaliyomo katika wasia ule yametolewa hoja na wahakiki wengi, hasa kuhusu utiifu wa mke kwa mume, na sipendekezi tuyarudishe. Ninachokitazama ni mahali alipokaa msemaji. Shaaban Robert naye, katika Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, aliwaandikia wanawe kama mzazi azungumzaye na mtoto wake. Wasia wa Kiswahili una watu wawili ndani yake. Onyo la bangoni lina mmoja tu, tena haonekani.

Kuna dalili njema pia. Namba ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Uganda, 116, imeitwa Sauti. Katika nchi ambayo baadhi ya watu wangali wanadai kwamba Kiswahili hakieleweki, jina lililochaguliwa kwa ajili ya mtoto anayetafuta msaada ni neno la Kiswahili, na si neno la kukataza. Kenya na Tanzania hutumia namba hiyohiyo, 116. Mtoto ameahidiwa sauti. Kilichobaki ni maneno ya kuweka katika hiyo sauti.

Kazi iliyo mbele yetu

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba mwalimu wa Kiswahili si polisi wala mshauri nasaha. Ni kweli, wala siombi awe hivyo. Naomba afundishe Kiswahili. Mazungumzo, kauli za vitenzi, viambishi, tasfida na methali vyote vimo katika mtaala tayari. Kinachobadilika ni mifano.

Ya pili ni kwamba wazazi watalalamika wakisikia watoto wao wanafundishwa maneno ya aibu. Hili ni zito zaidi, na sitalidharau. Tasfida ni sehemu ya adabu ya Kiswahili, na mwalimu anayeitupa yote atapoteza darasa na wazazi pamoja. Lakini tasfida iliundwa ili jambo gumu liweze kusemwa mbele za watu. Ikifika mahali inalizuia lisisemwe kabisa, imeacha kazi yake. Wahenga wenyewe walikiri: mficha uchi hazai. Mtoto hahitaji kutaja kila kitu kwa undani mbele ya darasa. Anahitaji sentensi chache za kufungulia mlango, zenye heshima, ambazo amezizoea kiasi kwamba zitamtoka hata akiwa anatetemeka.

Napendekeza zifundishwe kama tunavyofundisha maamkizi, kwa kurudia, wawili wawili. "Shikamoo, mwalimu. Nina jambo gumu. Naomba unisikilize hadi mwisho." "Kuna mtu ananitisha kwa simu." "Ameniomba kitu nisichotaka kutoa." "Ana picha yangu na anasema ataisambaza." Hakuna neno la aibu katika sentensi hizi, na kila moja ina mtenda anayejulikana.

Lakini mazungumzo yana pande mbili, na upande wa pili ndio tuliouacha kabisa. Mwanafunzi wetu wa ualimu hufundishwa kuuliza maswali ya ufahamu, hafundishwi la kujibu anapoambiwa hayo. Majibu ya kwanza yanayomjia ni: kwa nini ulifanya hivyo? Nani alikupa simu? Tuwafunze walimu watarajiwa jibu jingine: "Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako. Tutatafuta msaada pamoja." Baada ya hapo yapo machache ya kukumbuka. Ujumbe usifutwe, maana ni ushahidi. Picha ya mtoto isitumwe kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa mwalimu mkuu, hata kwa nia njema, kwa kuwa kuisambaza ni kuongeza dhara na ni kosa kisheria. Suala lipelekwe kwa namba 116 au kwa kitengo cha polisi kinachohusika na ulinzi wa mtoto na familia. Ipo pia huduma iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka katika simu ya mtoto, na kampuni za mitandao zilizojiunga nayo hutumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa picha.

Hitimisho

Sijaandika haya ili mabango yang'olewe. Mtoto mdogo anahitaji makatazo mafupi, na neno la siri lazima liendelee kutunzwa. Nimejaribu kuonyesha tu kwamba matini hizi zinastahili jicho lilelile la uhakiki tunaloliweka juu ya shairi, kwa kuwa neno moja likikaa vibaya ndani yake, anayelipa si msomaji mvivu wa fasihi. Mgeni limemwelekeza mtoto atazame pasipo na hatari kubwa. Siri limemfundisha kunyamaza. Chafu na kuvuja vimemhukumu. Badala yake tunayo jembe la siku ya tatu, tunayo faragha, tunavyo viambishi na kauli ambazo zimekuwa zikingoja kazi ya maana.

Wenzangu mnaokwenda katika mazoezi ya ufundishaji muhula ujao mtarudi na marundo ya daftari. Mkikutana na nukta sita mahali palipotakiwa neno, msiharakishe kalamu nyekundu. Mwiteni mwandishi, mkae naye mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawawasikii, kisha mwulizeni kwa upole kama kuna maneno angependa msaidiane kuyatafuta.